Unatandika Nini Chini ya Mgongo?

Kama uko Mbinga mjini na dirisha limeshafungwa, karibu. Kama uko Litembo, Langiro au Maguu na umejikunyata karibu na moto, karibu sana. Na wewe uliyeko ufukweni, Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, unayesubiri giza likaze uingie ziwani na taa yako kufuata samaki wadogo wa usipa, karibu pia, maana haya ya leo yanakuhusu vilevile.

Jioni hii nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka ulizoee. Unapolala nje, unatandika nini chini ya mgongo?

Sikuuliza unajifunika nini. Hilo kila mtu ana jibu lake. Ukimwambia mtu kwamba usiku wa leo kuna baridi, mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye blanketi. Anachukua moja, anaongeza la pili, juu yake anatupia koti. Saa nane ya usiku ameamka. Kifua kina joto, miguu ina joto, lakini mgongo umekakamaa na mabega yanauma. Anafanya nini? Anaongeza shuka juu! Baridi inaingilia chini, yeye anaziba juu. Nimeliona jambo hili mara nyingi mno, kwa watu wazima na kwa vijana, ndiyo maana nimeona tulizungumze bila haraka.

Nani hulala nje siku hizi, utaniuliza? Wengi, msikilizaji. Kuanzia Juni mpaka Septemba kahawa inavunwa huku Umatengo, na ikishaoshwa inaanikwa kwenye vichanja. Kahawa iliyo kwenye kichanja ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni pesa iliyowekwa wazi usiku kucha. Kwa hiyo kuna mtu analala pale pale kuilinda, na miezi hiyo hiyo ndiyo ya baridi kali kuliko yote. Kuna madereva na utingo wa malori ya makaa ya mawe kule Ngaka, wanaosubiri zamu ya kupakia. Kuna wavuvi wanaohamia kwenye kambi za ufukweni usipa unapokuwa mwingi. Na sasa kuna kundi jipya: vijana wanaotembea kwa miguu au kwa baiskeli, kutoka milima yetu hii kushuka hadi Nyasa, wakiwa na machela ndani ya begi. Ile ya nailoni nyepesi, ukiikunja inaenea kwenye kiganja. Unafunga huku kwenye mti, unafunga kule, unapanda, unalala.

Nianze na hao wa machela, kwa sababu mambo yao ndiyo magumu zaidi, na ukishaelewa ya machela, ya mchangani na ya kichanjani yatakuwa mepesi.

Machela si kitu kigeni katika nchi hii. Wazee walisimuliwa na wazee wao habari za machela iliyobebwa mabegani na wapagazi, mzungu wa serikali au wa misheni akiwa amelala ndani, wanapanda naye mlima na kushuka naye. Ile ilikuwa ya safari za mchana. Machela ya kulalia usiku ina asili yake mbali, kwenye visiwa vya Karibi, ambako Wataino walikuwa wakilala humo hata kabla Christopher Columbus hajafika mwaka 1492. Mabaharia wa Ulaya wakaiiga, wakaifunga ndani ya meli zao. Lakini sikiliza jambo moja: mabaharia wa Uingereza hawakulala kwenye kitambaa kitupu. Kila mmoja alikuwa na godoro jembamba la kutandika ndani ya machela, kisha blanketi juu. Na watu wa misitu ya Amazon, ambako hakuna baridi kama ya Mbinga, huweka moto mdogo karibu na machela usiku. Watu waliolala humo vizazi na vizazi wanajua baridi inatoka upande gani.

Kwa nini itoke chini? Hapa naomba utulivu kidogo, kwa sababu ndiyo kiini cha mazungumzo.

Mtazame kuku asubuhi ya Julai. Amejitutumua, manyoya yamesimama, amekuwa mkubwa maradufu. Hajaongeza unyoya hata mmoja. Alichoongeza ni hewa, hewa iliyotulia katikati ya manyoya, ambayo joto la mwili wake haliwezi kuipenya kwa urahisi. Blanketi lako linafanya kazi hiyo hiyo. Kitambaa chenyewe hakina joto. Joto ni lako, na kazi ya blanketi ni kuishika ile hewa isiondoke.

Sasa, ukilala juu ya blanketi, unafanya nini? Unalibana. Uzito wako wote unalikandamiza, nyuzi zinalala, hewa inatoka. Blanketi lile lile ambalo juu yako lina unene wa vidole viwili, chini yako limekuwa kama karatasi. Halina hewa tena, kwa hiyo halizuii chochote.

Ukiwa ardhini, baridi ya udongo inakunyonya upande mmoja. Ukiwa kwenye machela mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu chini yako kuna upepo. Hewa iliyopashwa joto na mgongo wako haikai. Inapita, inakuja nyingine ya baridi, nayo inapita. Usiku kucha unapasha joto hewa ya Mbinga nzima! Waliowahi kulala kwenye kitanda cha kamba bila godoro wananielewa bila maelezo. Kitanda ni kizuri, kimekazwa vizuri, lakini upepo unapita katikati ya kamba, na mama wa nyumba hiyo akikupenda atakuwekea mkeka, kisha blanketi moja chini kabla ya kukupa la juu.

Basi turudi kwenye swali letu. Unatandika nini chini ya mgongo?

Jibu linategemea uko wapi, na hapa mkoa wetu wa Ruvuma una jambo lake la pekee. Kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay ni kilomita zisizofika 70, lami tupu siku hizi. Lakini katika hizo kilomita unateremka kutoka mlimani hadi ziwani. Ziwa Nyasa liko chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na vilele vya Umatengo vinapita mita 1,500. Kwa kawaida kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kiasi cha nyuzi 6. Kwa hiyo asubuhi moja ya Julai, ndugu wawili, mmoja yuko Litembo mwingine yuko Liuli, wanaamka katika hali mbili tofauti kabisa. Kinachomtosha wa chini hakimtoshi wa juu. Kijana anayesafiri kutoka ziwani kupanda mlimani asijipime kwa usiku wake wa kwanza pale Mbamba Bay.

Nianze na mkeka, kwa kuwa ndio ulio katika kila nyumba. Mkeka wa ukindu, au ule wa matete, ni mzuri sana ufukweni. Mchanga wa ziwani unashika joto la jua mpaka mapema usiku, kisha unapoa, na ukichimba kidogo kwa kidole unakuta unyevu. Mkeka unakutenga na unyevu huo, na unapitisha hewa, kwa hiyo hulowi jasho. Ukitandika nyasi kavu chini yake, nyasi za kutosha, zilizolowana uziache, umepata kitanda kizuri kwa mlinzi wa kahawa pia. Nyasi zile zina hewa ndani ya mabua yake, hazibanwi kirahisi. Wamatengo tunazijua nyasi kuliko watu wengi, tumelaza nyasi na kuzifukia kwenye ngolo, yale mashimo ya mashamba yetu ya mteremkoni, tangu enzi za mababu. Zile za kulalia ziwe kavu na zibadilishwe mara kwa mara, maana zikikaa zinaleta wadudu.

Lakini mkeka huo huo usiuingize kwenye machela. Machela inakunja mwili, na mkeka unavunjika. Tena upepo unapenya kwenye msuko wake. Mkeka ni wa chini, tuuache chini.

Inayofuata ni sponji. Hapa watu wengi wanapoteza pesa, kwa hiyo nisikilize vizuri. Sponji ziko aina mbili. Kuna ile laini ya godoro, inayonyonya maji. Ukiipeleka nje, umande wa usiku mmoja unaijaza, na maji yanabeba joto la mwili kwa kasi ya zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Sponji iliyolowa ni mbaya kuliko kukosa sponji. Aina ya pili ni ngumu kidogo, vinyweleo vyake vimefungwa kila kimoja peke yake, maji hayaingii. Utaitambuaje? Itazame ndala uliyovaa. Sponji ya ndala ndiyo hiyo. Madukani utaikuta kwenye mikeka ya kufanyia mazoezi, inayouzwa ikiwa imeviringishwa. Bonyeza kwa kidole, weka tone la maji juu yake. Tone likibaki juu, nunua. Likizama, rudisha dukani.

Sponji ya aina ya ndala ndiyo ningemshauri kila anayelala nje aanze nayo. Haipasuki kama godoro la kujaza upepo. Ukilala juu yake haibanwi sana, kwa sababu hewa imefungiwa ndani, haina pa kutokea. Mlinzi wa kahawa akiwa nayo juu ya nyasi kavu, na blanketi moja zuri la kujifunika, analala. Blanketi moja! Hilo la pili alilokuwa analihitaji juu ampe mtoto.

Kwenye machela sponji ina kasoro mbili, na zote zina dawa. Kwanza inateleza. Usiku unageuka, inatoka chini yako, unaamka umelalia kitambaa kitupu. Kama machela yako ni ya kitambaa cha tabaka mbili, ingiza sponji katikati ya tabaka hizo, itatulia. Kama ni ya tabaka moja, mpe fundi cherehani ashone kipande cha kanga kwa ndani kiwe mfuko. Pili, machela inakumbatia mabega, na sponji nyingi ni nyembamba kwa upana. Mgongo unakuwa na joto, mabega yanaganda. Kata vipande viwili vya sponji, upana wa mikono miwili, uviweke kushoto na kulia kwenye usawa wa mabega. Na lala kimshazari kidogo, kichwa upande huu na miguu upande ule, mwili utanyooka badala ya kujikunja.

Magodoro ya kujaza upepo nitayapita haraka. Ni mepesi kubeba, lakini mengi ya yale ya bei nafuu hayana chochote ndani ila hewa tupu, na hewa yenye nafasi kubwa hivyo inazunguka, inabeba joto kulipeleka chini. Ukiwa nalo kwenye machela, usilijaze likawa gumu. Lijaze nusu. Na miiba ya milimani kwetu unaijua.

Sasa nafika kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu fundi wa sokoni Mbinga anaweza kulifanya. Nalo ni blanketi la kuning'inia.

Umekwisha kusikia kwamba blanketi ukililalia linakufa. Basi usililalie! Litundike nje ya machela, chini yake, liguse kitambaa bila kubeba uzito wako. Hapo linabaki limejaa hewa yake, limetutumka, na upepo unakoma kabla ya kufika mgongoni. Wanaolala kwenye machela katika nchi za baridi, hata kwenye theluji, wanategemea kitu hiki.

Linatengenezwaje? Chukua blanketi jepesi lenye unene. Mwambie fundi apinde kingo zote mbili fupi, aache njia ya kupitishia kamba, moja kichwani, moja miguuni. Pitisha kamba, kisha kila ncha ya kamba uiungie kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kabla ya kuifunga kwenye machela. Mpira huo ni muhimu. Ukigeuka, blanketi linakufuata. Halafu ingia ulale, na mwenzako apitishe mkono kati ya machela na blanketi. Mkono ukipita bila kugusa kitu, kuna pengo, upepo utaingia, kaza. Mkono ukikwama, umelibana, legeza. Ncha zote mbili zivute zizibe. Kwa nje ukiweza ongeza kitambaa chepesi kisichopitisha upepo, kama kile cha makoti ya mvua.

Na kama nyumbani kwenu kuna msufi, mna hazina. Usufi ni mwepesi, umejaa hewa, na maji hayaupendi. Zamani ulijazwa kwenye maboya ya kujiokolea ya mabaharia kwa sababu hiyo hiyo. Shona shuka mbili, jaza usufi katikati, lakini mwambie fundi apige mishono ya kugawa vyumba vyumba, la sivyo usufi wote utakusanyika upande mmoja. Tahadhari ni moja, nayo ni kubwa: usufi unashika moto upesi kupita kiasi. Blanketi la usufi na moto wa kambini visikaribiane kabisa.

Kuna jambo jingine la chini ya mgongo ambalo wa ziwani lazima walisikie. Mbu. Kitambaa cha machela ni chembamba, na mbu anauma kupitia kitambaa hicho, kutokea chini, wakati wewe umejifunika vizuri juu na unajiona uko salama. Malaria ipo kwenye ufukwe wetu, hatuna haja ya kuambiwa. Kwa hiyo hata usiku wa joto pale Lituhi, usiku ambao huhitaji kuzuia baridi, tandika kitu chenye unene chini yako, au chandarua kiizunguke machela yote, juu na chini, kifungwe kwa chini. Nikiwa hapo hapo niseme: chandarua ni cha kulalia, jamani. Tunapokipeleka ziwani kukokota vifaranga vya samaki tunapoteza vitu viwili kwa mara moja.

Unafunga wapi machela yako? Mlimani, usishuke kufunga bondeni. Usiku hewa baridi ni nzito, inateremka na kutuama chini, ndiyo maana ukungu wa asubuhi unauona umejaa mabondeni wakati mteremkoni kumeshaanza kupambazuka. Funga katikati ya mteremko, nyuma ya kitu kinachokinga upepo. Usifunge chini ya mkaratusi, hata kama ni mti ulionyooka na unakupendeza. Matawi yake yanaanguka bila taarifa. Ziwani, kuanzia Mei upepo wa kusi unavuma kwa nguvu, ule ambao ndugu zetu wa ng'ambo ya Malawi wanauita mwera, na usiku upepo mwingine unateremka kutoka milimani kwenda majini. Kwa hiyo usiangalie upepo wa jioni tu. Tafuta mwembe ulio nyuma ya jabali au nyumba, na ulale ncha ya machela ikitazama mlimani, ili upepo ukupige miguuni, ubavu wako usalimike.

Wavuvi, ninyi mna shida nyingine. Mnatoka majini mmelowa. Hakuna sponji wala blanketi litakalokusaidia ukilala na nguo mbichi. Acha nguo moja kavu ufukweni, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Badili kwanza, kausha nywele, ndipo ulale.

Utingo wa malori, kile kikinga jua cha kung'aa mnachoweka kwenye kioo cha gari mchana, usiku kitandikeni chini, juu ya boksi lililofunguliwa. Juu yake wekeni shuka, kwa sababu kile hakipitishi jasho na kitawalowesha.

Mawili ya mwisho, nayasema kwa uzito wote. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya turubai lililofungwa wala ndani ya gari, hata kama baridi ni kali namna gani. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Na pombe haipashi mwili joto. Inaleta damu kwenye ngozi, unajisikia moto kwa muda, na joto lako lote linatoka nje. Aliyekunywa akalala nje kwenye baridi ya Julai yuko hatarini kweli, na aliye naye asimwache pale kichanjani mpaka asubuhi.

Kabla hujasafiri, jaribu uani kwako. Funga machela au tandika sponji, lala usiku mmoja hatua chache kutoka mlangoni. Saa kumi alfajiri, wakati baridi inakaribia kilele, weka kiganja chini ya mgongo wako. Kukiwa na baridi, ongeza chini, hata kama mkono unakutuma kuongeza juu.

Kwa leo muda umekwisha. Mnaolinda kahawa usiku huu, na mnaoingia ziwani, kwaherini, mlale salama mtakapolala.